Wanafaulu kidato cha sita halafu chuo hawafiki: kuna utafiti wa uchumi unaoelezea hili la huku kusini?

MwanaNewala

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu nasoma uchumi, kwetu Newala mkoa wa Mtwara, na semesta hii natakiwa nipeleke mada ya risachi kwa msimamizi wangu. Kuna jambo linaniuma muda mrefu nikaona bora nifanye hilo kuliko kuchukua zile mada za vikoba na benki ambazo kila mwaka watu wanarudia.

Ni hivi. Wenzangu niliomaliza nao form six wapo waliopata divisheni wani ya pointi 7, yani B mbili na C, TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa kozi nyingi wanataka masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 tu, na kwa hesabu yao wao B moja ni pointi 4, kwaiyo hawa kwa B zao mbili wana mara mbili ya hapo, lakini leo ukienda kijijini unawakuta, mmoja yuko kwenye bodaboda, mwingine anasubiri msimu ufike apate kibarua cha kupima korosho AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kuna dada alikuwa anatufundisha sisi hesabu wakati wa prepu, ameolewa na hajawahi kutuma maombi chuo chochote. Hakunyimwa. Hakuomba kabisa.

Ukiuliza wakubwa wengine wanasema hela hakuna, wengine wanasema watu wa kusini hatupendi shule. Hili la pili silikubali hata kidogo. La kwanza naona halitoshi maana ada ya form five na six imeondolewa tangu 2022 na mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu upo. Sasa naomba mwenye kujua, wachumi wameshachunguza kwanini mtoto mwenye uwezo wa familia masikini haombi chuo? Walikuta nini kinasaidia? Na mimi naweza kufanya kitu cha maana hapa kwetu bila mfadhili, kwa hela ya bumu (posho ya mkopo) tu?

Stesheneri_Masasi

Mdogo wangu hela imo kwenye hii habari ila haikai pale watu wanapodhania. Mimi nina stesheneri karibu na stendi, kuanzia Julai mpaka Oktoba kazi yangu kubwa ni kuwaombea watoto vyuo na mkopo, kwaiyo nayaona haya kwa macho.

Mtoto anatoka Nanyumbu huko ndani na kitochi. Anatakiwa awe na imeili, hana, tunamfungulia, nenosiri anaandika kwenye kiganja. Kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi, zamani kabla ya 2017 ulikuwa unaomba sehemu moja tu kwa TCU sa hivi unaenda chuo kimoja kimoja. Afu inakuja bodi ya mkopo, elfu 30 ya kuomba, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa vizazi na vifo), kama baba amefariki na cheti cha kifo nacho kihakikiwe, fomu iprintiwe isainiwe na mwenyekiti wa kijiji, mdhamini atie picha na sahihi, ipite kwa hakimu au wakili, iskaniwe irudishwe kwenye mfumo. Kila hatua hapo ina nauli yake ya kwenda na kurudi. Na wengine matokeo yanatoka wako JKT, simu ya kuombea ni ya mjomba.

Sasa tuseme amechaguliwa vyuo viwili. Inakuja meseji yenye namba ya kuthibitisha chuo kimoja, inaenda kwa mjomba, mjomba hajui ni kitu gani anaifuta, siku zinapita dirisha linafungwa. Huyo mtoto kwenye karatasi za serikali ataonekana alichaguliwa akakataa mwenyewe.

Hao ninaowaona ni wale waliofika dukani. Ambao hawakutoka kijijini kabisa siwajui.

Bi_Mikindani

Mdogo wangu MwanaNewala mada nzuri sana, usiiache. Masters yangu nilifanya uchumi wa elimu kwaiyo hapa nina ya kusema, nivumilie urefu.

Alichosema kaka Stesheneri kuna watu wamekipima kabisa kwa jaribio. Marekani mwanafunzi akitaka msaada wa serikali wa kusomea chuo lazima ajaze fomu inaitwa FAFSA, ni ndefu, inauliza kipato cha wazazi, kodi, mali na kadhalika. Mwaka 2008 Eric Bettinger, Bridget Terry Long na wenzao wakaenda kwenye ofisi za H&R Block, kampuni ya kuwaandalia watu hesabu za kodi, kule Ohio na North Carolina. Familia ya kipato kidogo ikishamaliza mambo ya kodi inaingizwa kwenye kundi kwa bahati nasibu. Kundi moja wanajaziwa fomu palepale, maana taarifa nyingi zimeshaingia kwenye kompyuta ni kama dakika kumi tu, na wanaambiwa msaada watakaopata ni kiasi gani. Kundi lingine wanaambiwa kiasi tu, halafu wanahimizwa wakajaze wenyewe. Na kundi la tatu la kulinganishia hawapati hata kimoja kati ya hivyo. Wakafuatilia. Kwa wale waliokuwa wanamaliza sekondari, waliofika chuo na kukaa miaka miwili walikuwa asilimia 28 bila msaada, na 36 kwa waliojaziwa fomu. Walioambiwa kiasi tu bila kujaziwa hawakubadilika chochote.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Sisi tunapenda sana kusema wananchi wapewe elimu, wahamasishwe, zigawiwe vipeperushi. Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha mwaka 2013 kwamba huko Marekani watoto wengi masikini wenye alama za juu kabisa hawaombi hata chuo kimoja kikubwa, wakati vyuo hivyo kwa msaada wanavyotoa vingewagharimu kidogo kuliko vya jirani. Ndio yuleyule dada yako wa hesabu. Hoxby na Sarah Turner wakatuma vifurushi vya maelezo kwa posta, kama dola 6 kwa mtoto, wakaona mabadiliko, watu wakafurahi sana. Baadae College Board, shirika la mitihani ya kuingilia vyuo huko huko, wakajaribu kitu kinachofanana kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, hakuna kilichosogea. Kwaiyo ukimaliza risachi yako usiandike ile sentensi ya serikali itoe elimu kwa jamii ukaishia hapo.

Kingine ninachokipenda mimi ni cha Susan Dynarski na wenzake kule Chuo Kikuu cha Michigan. Waliwachukua watoto masikini waliofaulu sana, nusu wakatumiwa barua inayosema ukiomba na ukachaguliwa ada ni bure miaka minne, hujazi fomu ya msaada kuthibitisha umasikini. Barua ikaenda kwa mtoto, kwa mzazi na kwa mkuu wa shule. Walioomba wakatoka asilimia 26 wakafika 68, waliojiunga wakatoka 12 wakafika 27. Na wengi wao hata bila barua wangepata msaada uleule karibu wote! Hela haikuongezeka sana, kilichoongezeka ni uhakika, tena uliokuja mapema kabla mtoto hajakata tamaa.

MwanaNewala

Dada Bi_Mikindani ahsante mno, hivyo ndo vitu nilikuwa natafuta. Hilo la uhakika limenigusa maana hapa kwetu majina ya mkopo yanatoka kwa awamu, mara nyingi Oktoba huko, wakati chuo unatakiwa uwe umeshathibitisha. Mzazi anaambiwa mtoto amepata Dodoma, anauliza mkopo je, anajibiwa bado. Mzazi wa Kitangari atasemaje hapo? Anasema tusubiri mwakani. Na mwakani ndo imetoka.

Mwl_Nachingwea

Wanangu nimewasoma wote. Nimefundisha sekondari Lindi na Mtwara mpaka nimestaafu, nina neno moja ambalo naona hamjaligusa nalo ni kalenda.

Matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai. Maombi, uthibitisho, mkopo, vyote vinaangukia Julai mpaka Septemba. Sasa mkulima wa korosho miezi hiyo yuko wapi? Yuko shambani anapulizia salfa, anapalilia, analipa vibarua. Hela inatoka, haiingii. Minada inaanza Oktoba na malipo ya stakabadhi ghalani yanafika baada ya mnada. Kwaiyo mtu ana ekari zake nzuri tu za mikorosho na kwa mwaka mzima si masikini kiasi hicho, lakini mwezi wa nane hana hata hiyo elfu 30 ya bodi. Ndipo anapokuja mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa nje ya mfumo rasmi, korosho bado ziko juu mtini, mkulima anamuuzia kwa bei ya kutupa ili mtoto aende Masasi kuomba chuo. Wengine wanakataa kuuza hivyo na mimi siwalaumu, ni kuvunja nyumba nzima kwa ajili ya mmoja.

Lakini huku kwetu Nachingwea, Liwale, Ruangwa mpaka Kilwa kuna ufuta. Ufuta unavunwa mapema, minada yake ni Juni, Julai hivi. Mwenye ufuta ana hela mkononi wakati ule ule matokeo yanatoka. Miaka yangu ya kufundisha niliona watoto wa wazazi wa ufuta wanawahi, wa korosho wanakuja wanahangaika dakika za mwisho. Sikuwahi kuandika popote, ila kama kuna mtu anataka kupima, hapo pa kupimia papo.

Bi_Mikindani

Mwalimu shikamoo. Hicho ulichosema ni mada nzima ya tasnifu, nakwambia kweli, nimesisimka.

MwanaNewala sikiliza, kuna jaribio lilifanyika Bogotá, Colombia, Felipe Barrera-Osorio na wenzake, lilichapishwa 2011. Familia masikini zilikuwa zinalipwa ruzuku mtoto akihudhuria sekondari. Kundi moja wanalipwa yote kila miezi miwili. Kundi lingine sehemu ya hela inazuiwa kila malipo halafu wanapewa kwa mkupuo wakati wa kumwandikisha mtoto mwaka unaofuata. Jumla ya hela ni ileile. Kuandikishwa mwaka uliofuata kulipanda zaidi kwa hawa waliocheleweshewa, kwasababu hela iliwakuta na uhitaji siku moja. Na kulikuwa na kundi la tatu, wao waliahidiwa malipo makubwa mtoto akimaliza sekondari akajiunga na chuo, na kujiunga chuo kukapanda sana. Ni kalenda ya Mwalimu hiyohiyo.

Ila nikuonye mapema ili msimamizi asikukamate. Usichukue watoto wa Tandahimba kwenye korosho ukawalinganisha na wa Liwale kwenye ufuta ukasema tofauti ni ya hela ya Julai. Kuna umbali, barabara, mtandao, aina ya shule, vitu kibao vinatofautiana. Tafuta kijiji kimoja ambacho kaya zinalima vyote viwili ila kwa viwango tofauti, uulize hela ya mwaka ilitoka wapi na ilifika mwezi gani. Ukipata nafasi angalia pia miaka ambayo korosho ilitikisika. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka 4,000 kwa kilo, msimu uliofuata wanunuzi walileta bei ndogo serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300, wakulima wakahakikiwa kwanza na malipo yakachelewa kwa wengi. Mtoto aliyemaliza form six 2019 nyumbani kwao korosho tu, na jirani yake ana ufuta kidogo, hao wawili nani aliomba chuo? Hilo ni swali zuri.

Na kuhusu mkopo soma kazi ya Alex Solis ya Chile, 2017. Kule ili ufikiriwe mkopo ilibidi upate alama 475 kwenye mtihani wa kuingia chuo na kipato cha familia kiwe chini ya kiwango fulani. Aliyepata 474 na aliyepata 475 ni mtu yuleyule tu, hakuna tofauti ya akili. Lakini kujiunga chuo mwaka uleule kukawa mara mbili kwa waliovuka mstari, na pengo kati ya masikini na wenye nazo pale mstarini likakaribia kuisha. Angalia kitu kimoja, Mchile akishaona alama yake anajua palepale kama mkopo upo. Wa kwetu anathibitisha chuo cha mbali huku anaomba Mungu.

Tutor_Lindi

Naomba nichomekee la walimu wa vyuo maana kuingia ni nusu ya safari na naona uzi mzima umesimama mlangoni. Nafundisha chuo cha kati hapa Lindi, watoto wengi ninaowapokea ni wa kwanza kwao kufika elimu ya juu, akipata sapu (mitihani ya kurudia) mbili semesta ya kwanza hana mtu nyumbani wa kumwambia hiyo ni kawaida rekebisha uendelee.

Wachumi wameangalia na hili. Scott Carrell na James West walitumia chuo cha jeshi la anga la Marekani kwasababu pale mwanafunzi hachagui mwalimu, anapangiwa kwa bahati nasibu, na mtihani wa somo ni mmoja kwa wote. Wakakuta (2010) kwamba walimu ambao wanafunzi wao wanapata maksi nzuri kwenye somo la mwanzo, na ndio wanaopendwa kwenye fomu za tathmini, wanafunzi hao wanakuja kufanya vibaya kwenye masomo yanayofuata yanayotegemea lile la kwanza. Walimu wenye uzoefu na PhD ilikuwa kinyume, mwanzo maksi za kawaida, mbele watoto wanasimama. Nasema hili kwa sababu vyuo vyetu vingi mwisho wa semesta mwanafunzi anajaza fomu ya kumtathmini mhadhiri, na mimi mwenyewe najua namna ya kupata tathmini nzuri, unafundisha kinachokuja kwenye mtihani basi. Mtoto wa shule ya kata ambaye msingi wake wa hesabu ni mwembamba ndo anaumia zaidi na mtindo huo, maana mwenzake kwao kuna mtu wa kumjazia.

Na huyo dada wa hesabu wa MwanaNewala, angeenda chuo angekutana na nini? Carrell, West na Marianne Page wakitumia chuo kilekile walionyesha wasichana wenye uwezo mkubwa wa hesabu wakipangiwa mwalimu mwanamke kwenye masomo ya mwanzo ya sayansi na hesabu, pengo la maksi kati yao na wavulana linaisha na wanaendelea na fani hizo kwa wingi kama wavulana. Kwa wavulana mwalimu awe mwanamke au mwanaume haikuleta tofauti kubwa. Mimi ningependa sana kuona idara za hesabu na fizikia huku kusini zina kina dada wanaofundisha mwaka wa kwanza, sio ofisini tu. UDSM wanajenga kampasi hapa Lindi kwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, huu ndo wakati wa kulisema kabla hawajaajiri.

MwanaNewala

Wakuu sina cha kuwalipa. Tutor hilo la wahadhiri nalihifadhi, nikienda masters narudi nalo, kwa sasa nikilibeba nitazama. Naenda na kalenda ya Mwalimu. Nina maswali mawili. Kaka Stesheneri, unatunza kumbukumbu za unaowaombea? Na Mwalimu, kijiji gani naweza kuanza nacho ambacho kaya zina ufuta na korosho pamoja?

Stesheneri_Masasi

Daftari lipo, naandika tarehe ya kuja, amelipia nini, amebakiza nini. Majina na namba za simu sikupi, hao watoto waliniamini na nenosiri zao. Lakini naweza kukaa na wewe tukahesabu wangapi walianza hawakumaliza na walikwamia hatua ipi, wengi nakumbuka wanakwamia pale pa sahihi ya mdhamini na hakimu. Na msimu ujao kama msimamizi wako akikubali tufanye kama wale wa kodi, ukae hapa dukani, wapo watakaojaziwa mpaka mwisho bila kulipia kazi yangu, mimi natoa hiyo kazi.

Bi_Mikindani

Kaka ubarikiwe. Ila hapo mtoto asinyimwe msaada ili tu apatikane wa kulinganisha naye. Kama nafasi za bure hazitoshi wote wanaokuja ndo upige kura nani azipate, kura ya wazi, na wengine wahudumiwe kama kawaida. Na kila mmoja aulizwe kwanza kama anakubali kufuatiliwa. Watoto wachache watakupa majibu yasiyo na nguvu kitakwimu, hilo liandike wazi kwenye risachi, lakini hesabu ya walikwamia wapi peke yake ina thamani hata bila jaribio.

Mwl_Nachingwea

Marahaba mwanangu Bi_Mikindani, salamu yako niliipata. MwanaNewala anza Naipanga au upande wa Mnero, utakuta nyumba yenye mikorosho ya babu na shamba la ufuta la kijana. Usiende Oktoba, watu wako ghalani hawana muda na wewe. Njoo Julai, barua ya chuo ipitishe kwanza kwa Katibu Tawala wa wilaya, halafu uende kwa wakuu wa shule wakupe orodha za waliomaliza, usianze na wazazi. Wazazi ukiwauliza mtoto hakuomba chuo kwanini watakujibu kwa aibu, watasema hakutaka mwenyewe. Waulize walipata hela mwezi gani na waliitumia kwa nini kwanza, hapo wataongea mpaka jioni. Ukifika Nachingwea mjini uliza nyumba ya mwalimu wa jiografia mstaafu, nitakupeleka mwenyewe kwa wenyeviti wa vijiji.